Nani Amemkataa Mtoto?

Ukiishi Umbilo, hapa Durban, huwezi kuisahau hospitali. Magari ya wagonjwa hupita usiku kuelekea ile tuliyozoea kuiita King Edward VIII, na asubuhi wanafunzi wa udaktari wanaingia Shule ya Tiba ya Nelson R. Mandela, iliyo barabara ya Umbilo. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, enzi ambazo rangi ya mtu ndiyo iliyoamua alazwe wapi. Shule ikaanza kufundisha mwaka 1951, kwa ajili ya vijana weusi ambao vyuo vingi viliwafungia mlango. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, aliingia hapo 1966. Huwa nayakumbuka haya ninapomsindikiza mama mwenye mtoto mgonjwa: katika mtaa huu wapo watu waliokataliwa, nao wakawa madaktari.

Wengi ninaowasindikiza wanatoka Uvira, Bukavu na Bujumbura. Wachache wanatoka Tanga na Mombasa. Kiswahili chao ni kizuri, Kiingereza kinawapiga chenga, na Kizulu ndiyo kwanza wanakianza. Wakifika hospitalini wanahitaji mtu wa kusema kwa niaba yao. Kazi hiyo haina mshahara, ila imenifundisha mambo ambayo singeyapata kitabuni, na kubwa kuliko yote ni kwamba neno "hospitali imekataa" halijaeleza kitu mpaka umejua aliyekataa ni nani.

Mama mmoja wa Uvira alikuja kwangu jioni akiwa amembeba mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na ngiri ya kinena, uvimbe unaojitokeza akilia au akikohoa, kisha unarudi ndani akitulia. Kliniki ilikuwa imempa barua ya rufaa ili apasuliwe. "Dada, hospitali imekataa," akaniambia. Nikamuuliza daktari alisemaje. Akanitazama kwa mshangao: hakuwa amemwona daktari yeyote. Alikuwa ameishia kwenye dirisha la mapokezi, katika hospitali moja ya serikali ambayo sitaitaja, ambako karani alitazama kibali chake cha mkimbizi, akaona muda wake umekwisha, akamwambia alete karatasi halali au alipe kwanza. Mama akashukuru, maana ndivyo tulivyolelewa, akarudi nyumbani na kukaa majuma kadhaa akiamini kwamba madaktari wa nchi hii wameamua mwanawe asitibiwe.

Hakuna daktari aliyeamua hivyo. Na sheria ilikuwa upande wa mtoto tangu zamani. Mwaka 1994, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Nelson Mandela alitangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita katika hospitali za umma. Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003 ikaliweka jambo hilo katika maandishi, kwa wale wasio na bima. Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikafunga mjadala uliobaki: haki hiyo ni ya kila mtoto wa umri huo, awe raia au mgeni, awe na karatasi au asiwe nazo. Kwa mtoto aliyefikisha miaka sita, malipo hutegemea kipato cha wazazi, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilipotungwa ilimpa mkimbizi huduma za msingi za afya sawasawa na mwenyeji. Tukumbuke kwamba nyumbani Tanzania sera inaishia miaka mitano. Wazazi waliohamia huku na hesabu hiyo kichwani humnyima mtoto mwaka mzima wa haki yake.

Tulirudi pamoja asubuhi iliyofuata. Hatukwenda kugombana. Nilimwomba karani, kwa heshima, atuitie muuguzi mkuu wa zamu. Alipokuja nilimwamkia kwa Kizulu changu cha kuungaunga, nikamwonyesha kijitabu cha afya cha mtoto chenye tarehe ya kuzaliwa, nikamwonyesha barua ya kliniki, kisha nikamwomba jambo moja: kama jibu bado ni hapana, basi aandike kwenye faili la mtoto kwamba ni hapana, aandike sababu, na aweke jina lake. Alimtazama mtoto kwa muda. Akachukua faili akaingia nalo ndani. Siku hiyohiyo daktari wa upasuaji alimwona mtoto na kumwingiza kwenye orodha.

Tangu hapo nimeona mara nyingi jinsi mtu asivyo mwepesi wa kuandika anayoyasema kwa mdomo. Maneno ya dirishani hayana mwenyewe. Kesho ukirudi, kila mtu atakana kuyasema. Maandishi yana mwenyewe. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2000 inayompa mtu haki ya kudai sababu za maandishi kwa uamuzi wa ofisi ya umma unaomuumiza, ila inaipa ofisi siku 90 za kujibu, na ngiri haisubiri siku 90. Kwa hiyo mimi huomba sababu palepale, mbele ya faili, kabla mtoto hajatoka nje ya lango.

Lango lenyewe nalo limekuwa na matatizo yake. Katikati ya mwaka 2025 watu walisimama kwenye milango ya kliniki na hospitali za Durban, Addington ikiwamo, wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Hao si hospitali. Hawana mamlaka yoyote juu ya faili la mtoto wako, na Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikipiga marufuku kikundi cha kupinga wageni cha Operation Dudula kudai vitambulisho vya watu au kuwazuia wasiingie katika vituo vya afya. Najua amri ya mahakama haimwondolei mama hofu anapokuta kundi la watu wanaoimba. Ndiyo maana sipendi mama aende peke yake.

Nisiwaonee wahudumu. Kuna hapana ya daktari ambayo ni matibabu yenyewe, na mzazi akiipigania anaweza kumdhuru mwanawe. Watoto wetu wengi huzaliwa na ngiri ya kitovu, kile kitovu kinachochomoza kama kidole. Nyingi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka minne au mitano, kwa hiyo daktari anayekataa kumpasua wa miaka miwili anafanya vyema. Ngiri ya kinena ni habari nyingine: hiyo haijifungi, lazima ishonwe. Mtoto mwenye homa au kikohozi hurudishwa nyumbani siku ya upasuaji kwa sababu dawa ya usingizi na kifua kilichojaa makohozi havipatani. Mwenye upungufu wa damu huongezewa nguvu kwanza. Nimewahi kumwona baba aliyesafiri usiku kucha akilia kwa hasira kwa sababu hiyo, na daktari kijana akakaa chini pamoja naye akamweleza polepole mpaka akaelewa. Mzazi ana haki ya maelezo ya namna hiyo, na asione haya kuuliza tena: ni nini kinachomzuia leo, tufanye nini ili kiondoke, turudi lini?

Iko pia hapana ngumu kuliko zote, ile ya uhaba. Hakuna kitanda cha mahututi, mtaalamu wa usingizi ni mmoja, chumba cha upasuaji kimechukuliwa na majeruhi wa ajali. Mtoto wetu wa Uvira naye alisogezwa tarehe kwa sababu kama hizo. Jiji hili ndilo lililotoa kesi inayofundishwa duniani kote kuhusu jambo hili. Thiagraj Soobramoney, mwenye umri wa miaka 41, hakuwa na kazi, alikuwa na kisukari na ugonjwa wa moyo, na figo zake zilikuwa zimeshindwa kabisa. Addington ilikuwa na mashine 20 za kusafisha damu, baadhi zikiwa mbovu, na utaratibu wake uliwatanguliza wagonjwa wanaoweza kupandikizwa figo. Yeye hakustahili. Alikwenda hadi Mahakama ya Katiba akitegemea kifungu kinachosema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Tarehe 27 Novemba 1997 mahakama ikasema ugonjwa wa kudumu si dharura kwa maana ya kifungu hicho, na kwamba haitaingilia uamuzi wa busara uliofanywa kwa nia njema pale vifaa vinapokuwa haba. Alifariki muda mfupi baadaye.

Kesi hiyo imenisumbua miaka mingi. Nimefikia kuamini kwamba mahakama iliona sawasawa kwamba hakimu hawezi kuumba mashine isiyokuwepo. Lakini uhaba nao una vyanzo vyake. Upo uhaba wa nchi isiyo na uwezo, na upo wa uzembe, wa mashine iliyoharibika na hakuna aliyeshughulika kuitengeneza. Juni 2017 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini, baada ya kupokea malalamiko kuhusu matibabu ya saratani katika mkoa huu, ilitamka kwamba idara ya afya ya KwaZulu-Natal imevunja haki za wagonjwa waliokuwa wakingoja huku mashine zimelala. Bila mtu kulalamika kwa maandishi, wangeendelea kuambiwa "hakuna" kana kwamba ni kudra ya Mungu.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayatofautiani sana. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Hata hivyo Oktoba 2015, jijini Nairobi, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha mahututi, na akafariki. Sheria humwezesha mtu kusimama na kudai. Kitanda kinataka bajeti na watu wanaoisimamia.

Kwa hiyo ukiambiwa hapa hakuna nafasi, uliza wapi ipo. Upasuaji mkubwa wa watoto wa mkoa huu, wa moyo ukiwamo, unafanyika katika hospitali ya Inkosi Albert Luthuli, iliyofunguliwa mwaka 2002 kule Cato Manor. Usiende kupanga foleni pale na mtoto mgongoni, kwa sababu haipokei mgonjwa asiye na rufaa. Anayekufungulia ni daktari wa hospitali uliyopo, kwa barua na simu yake. Mwombe ampigie mwenzake mkiwa bado mpo. Akisita, mwone mganga mkuu wa hospitali, na ofisi ya malalamiko iliyo katika kila hospitali ya umma. Juu yake kuna Ombudsman wa Afya, ofisi iliyoanza kazi mwaka 2016, na ile Tume ya Haki za Binadamu. Wanasheria wa Lawyers for Human Rights wana ofisi hapa Durban, na Denis Hurley Centre, kando ya Kanisa Kuu la Emmanuel, ina kliniki inayomhudumia maskini bila kumwuliza ametoka wapi. Tunza nakala ya kila karatasi, na andika tarehe na jina la kila uliyezungumza naye.

Dharura haifuati ngazi hizo. Uvimbe wa ngiri ukiwa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia bila kunyamaza au anatapika, usingoje tarehe uliyopewa wala usitafute karatasi. Utumbo umebanwa, na saa chache zinaweza kuamua uhai wake. Mpeleke hospitali iliyo karibu, useme ni dharura, na usiondoke mpaka daktari amemgusa mtoto. Sheria inamlazimu kila mtoa huduma, wa umma na wa binafsi, asikatae dharura.

Yule mtoto alipasuliwa, na sasa anacheza mpira na wenzake. Wapo wengine ambao mama zao wameishia dirishani, wakashukuru, wakarudi nyumbani. Ndugu msomaji, kama unajua Kiingereza au Kizulu na jirani yako ana mtoto aliyeandikiwa upasuaji, muulize leo amefikia wapi. Kisha mpange siku ya kwenda naye.