Mgeni Alilala Wapi

Watu wa Tabora wa rika langu wanaijua harufu ya stesheni usiku: dizeli, dagaa wa Kigoma kwenye magunia ya katani, maembe yaliyoiva kupita kiasi, na vumbi ambalo akina mama wauza uji walilinyunyizia maji ili lisiwaingilie kwenye masufuria. Mji wetu ni makutano ya reli. Mabehewa ya Mwanza yalikatwa hapa yakaenda zake kaskazini, ya Kigoma yakaelekea magharibi, na aliyekuwa anakwenda Mpanda alishuka na mzigo wake akasubiri siku ya treni ya Mpanda, ambayo haikuwa kesho. Miaka ile baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, mafuta yalipokuwa ya shida na vipuri havipatikani, kusubiri kulirefuka. Nauli ziliishia njiani, mizigo iliibwa, watoto walishikwa na surua wakiwa mgongoni mwa mama zao. Na wazee walishuka wakiwa na jina moja tu kichwani, la kijana aliyekwenda kulima tumbaku Urambo na hakuandika tena.

Watu hao hawakuwa na pesa ya gesti. Walitoka stesheni wakafuata taa za chemli hadi Gongoni na Kanyenye, wakapiga hodi kwenye nyumba yoyote iliyokuwa na baraza.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na baraza ndefu, iliyosakafiwa kwa saruji ya rangi nyekundu ambayo sisi wajukuu tuliisugua kila Jumamosi. Jioni lilitandikwa jamvi la ukindu, mtungi ukajazwa maji na kata ikawekwa juu yake, kandili ikapunguzwa utambi, na ndani, kwenye kapu lililofunikwa kwa kawa, yalikuwapo matobolwa na karanga za kuchemsha, kwa sababu viazi vile vilivyopikwa vikaanikwa juani hadi vikawa vigumu vinakaa miezi na humfaa mtu yeyote anayefika bila taarifa. Bibi hakuuliza mgeni atakaa siku ngapi. Aliuliza, "Wewe wa wapi?" Mgeni akisema yeye ni Mgogo, au Mzaramo, au Mzigua, basi usiku ulikuwa umeharibika: babu aliamka kitandani kuja kumtukana, mgeni naye akajibu, majirani wakasogea, na kabla ya ugali kuiva yule mtu aliyefika amejikunja kwa aibu alikuwa ameketi wima anadai kuku.

Utani huo ulitoka njiani. Wanyamwezi ndio waliobeba meno ya tembo kwa mabega kutoka bara hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba, na katika safari hizo za miezi mingi walipita nchi za watu wengine wakihitaji maji, chakula na ruhusa. Waliokuwa wakigombana njiani waliishia kuwa watani. Mtani alikuwa na haki ya kukuchukulia kitu chako, na alikuwa na kazi juu yako: ukifa ugenini yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, anayekuosha, anayewachekesha waliokuja kuzika hata kama mfiwa hayupo. Kwa mpagazi aliyekuwa kwao Unyanyembe akafia Ugogo, hiyo ndiyo iliyokuwa bima yake.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze, Tabora ya zamani, mwaka 1857, aliikuta katika vijiji vya Unyamwezi nyumba kubwa ya wanaume, iwanza, mahali ambapo wenyeji walishinda wakizungumza na kuvuta tumbaku na ambapo mpita njia angeweza kupata pa kulala. Naipenda habari hiyo, maana inanionyesha kwamba baraza ya bibi yangu ilikuwa na ukoo mrefu. Lakini sitaki kuipamba njia ile. Ilipitisha watumwa waliofungwa shingo. Ilipitisha ndui, na mpagazi aliyeugua sana aliachwa chini ya mti na msafara ukaendelea, kwa sababu mzigo ulikuwa na mwenyewe na mgonjwa hakuwa naye. Miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, waliweka makao ya watoto waliokombolewa utumwani pale Kipalapala, karibu na mji. Ukitafuta nyumba ya kwanza Tabora iliyojengwa kwa ajili ya wasio na kwao, nadhani ni hiyo. Reli ilipofika mwaka 1912 misafara ilikufa, na wasio na kwao wakaanza kufika kwa behewa.

Nakumbuka pia wale wa 1972. Nilikuwa mdogo, na kinachonijia ni malori yenye maturubai, watu wamesimama ndani wakiwa kimya, na mama yangu akifungua sanduku la nguo. Walikuwa Warundi waliokimbia mauaji, na serikali iliwapeleka Ulyankulu, porini kaskazini magharibi mwa mji, wakapewa mashoka, majembe na mbegu. Msikitini palikusanywa, kanisani palikusanywa, na kwa miaka kadhaa ukisikia neno mkimbizi hapa kwetu ulifikiria Ulyankulu. Kisha tukaanza kula mahindi yao na kuimba nyimbo za kwaya zao. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia waliokubaliwa katika makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000 kwa jumla. Ni Watanzania sasa. Nani alikuwa mgeni, watoto wao hawajui.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baraza ya bibi haikuliweza.

Alikuja mama mmoja mzee kutoka kijiji ambacho hakukitaja. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wanawake wengi waliopika maisha yao yote kwa kuni na samadi kavu ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Alikula, akalala jamvini, na asubuhi akafagia uwanja bila kuambiwa. Siku zikapita. Majirani wakaanza kupita polepole mbele ya nyumba. Kila mtu mzima alijua macho mekundu yanasemwaje huku kwetu na Usukumani, kwamba ni ya mchawi, na wapi mapanga yalikuwa yameshafanya kazi kwa sababu ya macho hayo. Bibi yangu, aliyemlisha kila Mgogo na kila Mha aliyeshuka kwenye treni, alimpa yule mama kanga, akamfungia matobolwa, akamwomba aondoke. Hakuwa mtu mbaya. Ukarimu wake ulikuwa mali ya mtaa, na mtaa ulipousimamisha ulisimama. Sikuwahi kusikia yule mama aliishia wapi.

Leo angeweza kwenda Ipuli.

Makazi ya wazee ya Ipuli yako ndani ya manispaa yetu, chini ya Ustawi wa Jamii, moja ya makazi ambayo serikali inayaendesha nchini kwa wazee wasiojiweza wasio na mtu wa kuwatunza, kama Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi huko Misungwi, Sukamahela kwa Wagogo wa Manyoni na Kibirizi, Kigoma. Baadhi ya makazi ya aina hii yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, ndiyo maana kwa muda mrefu watu walipita mbali nayo. Mzee haingii kwa kupiga hodi. Anakuja na barua ya mtendaji, afisa ustawi anachunguza kama kweli hana ndugu, jina linaandikwa. Palepale kwenye maandishi ndipo yalipo mabadiliko makubwa kuliko yote: haulizwi na majirani macho yake yana rangi gani. Ana kitanda. Ana dawa za presha. Ana sahani yake. Hahitaji kuwa mtani wa mtu yeyote ili ale.

Nasema hivi kwa sababu nimesikia wenzangu wakisema kwamba makazi ya wazee ni aibu ya Waafrika, kwamba zamani hapakuwa na mzee aliyetupwa. Walikuwepo. Walikuwa chini ya mti wa njiani, walikuwa porini, walikuwa wanatembea na kanga ya bibi yangu mabegani.

Ila kuna kitu kimeondoka pia, nami nakiona kila niendapo Ipuli. Nyumba zetu mjini zina ukuta. Geti ni la chuma. Baraza imegeuzwa duka la vocha na soda. Basi la kutoka Dar es Salaam linafika siku hiyohiyo kwa lami, na aliyekwama analala ndani ya basi au stendi. Wezi wapo, simlaumu mwenye geti. Hata mimi ninalo. Huruma yetu tumeihamishia sehemu moja, tukaipangia siku. Tarehe 8 Machi wanakuja akina mama waliovaa kitenge sare. Ramadhani inaletwa futari. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, wanakuja viongozi. Sikukuu ya Krismasi zinakuja kwaya mbili, pengine kwa saa moja. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia, mashuka na sabuni za mche vinapangwa chini mbele ya bango, mzee mmoja anawekwa katikati, picha inapigwa, na gari linawashwa.

Vitu hivyo vinaliwa na vinatumika. Nimekwisha kuona jiko linavyokuwa kabla havijafika, kwa hiyo sitamkejeli mtu aliyeleta kilo tano. Lakini siku ya kwanza nilipokaa na bibi mmoja pale, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," aliitikia marahaba kisha akaniuliza, "Wa kwa nani wewe?" Nikamtajia ukoo. Akataka mtaa. Akataka jina la bibi yangu. Alikuwa ananitafutia mahali pa kuniweka, kama bibi yangu alivyowatafutia wageni wake, na nilipoondoka alitaka kujua narudi lini. Watu wa mabango hawaulizwi hivyo. Wanaondoka kabla.

Wahudumu wa Ipuli ndio wanaokaa. Wanageuza wazee wenye vidonda vya mgongo, wanabembeleza asiyetaka kula, wanabadilisha pampasi ambazo haziwi nyingi kamwe. Kila ninapowaona namkumbuka Adrien Atiman, ambaye jina lake bado linasemwa katika njia ya zamani iliyotoka Tabora kwenda Karema. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea udaktari Malta, akaletwa ziwani Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa na kila sababu ya kurudi kwao au kwenda mahali penye faraja zaidi. Alibaki Karema akitibu watu, akaoa hukohuko, akafa hapo mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60, hospitali ya kijiji kimoja. Sidai kila anayejitolea awe Atiman. Nadai tu siku ya kawaida, siku isiyo na bango.

Kinachohitajika siku hiyo ni kidogo na kinachosha. Kucha za miguu za mzee wa miaka 80 ni ngumu kama pembe, na zinataka maji ya moto, wembe mzuri na mtu asiye na haraka. Nywele zinataka kusukwa. Miguu inataka mafuta. Kuna babu anataka kusomewa barua ileile tangu mwaka jana. Kuna akina mama kutoka sokoni ambao wameanza kuja katikati ya wiki, baada ya kufunga meza zao, bila sare. Wanafua, wanasuka, wanasema umbea wa mjini, na wazee wanawatuma: niletee ugoro, niletee mlenda wa porini, niulizie kama fulani bado yu hai.

Mwaka huu alifariki mzee aliyekuwa Mgogo. Alikuja zamani kufuata kazi ya tumbaku, akapoteza uwezo wa kuona, akakosa mtu. Taratibu za mazishi zilisimamiwa kama ilivyo kawaida, jeneza lipo, kaburi limepangwa, waliohudhuria ni wahudumu, wale akina mama wa soko, na vijana wa bodaboda walioombwa kuchimba. Walichimba kimya kama watu wanaofanya kibarua. Ndipo mzee mmoja wa Ipuli, Mnyamwezi anayetembelea mkongojo, alipouliza kwa sauti aliyekufa ni kabila gani, na alipojibiwa akavua kofia, akasogea ukingoni, akaanza kumtukana marehemu: Mgogo mwizi wa ng'ombe, umekuja kula ugali wetu na sasa unataka na ardhi yetu. Akawaamuru vijana watoke kaburini waweke majembe chini, haendi mtu mpaka wafiwa walipe. Wafiwa hawakuwapo. Akina mama wa soko wakajitokeza kuwa wafiwa, wakatoa mia mbili, akazikataa, wakaongeza, kelele zikawa kubwa hadi waliokuwa barabarani wakasimama. Vijana wale hawakuwa wamewahi kuona utani wa msibani. Mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kucheka. Aliambiwa kwamba asipocheka atalipa faini.

Jumapili iliyofuata wachache kati yao walikuja Ipuli na mashine ya kunyolea. Wazee wakapanga foleni, na yule Mnyamwezi akadai kunyolewa wa kwanza.