Utu Uko Wapi?

Jumamosi iliyopita tulisoma maneno ya U-: utoto, uzee, utu. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, watu nawaona. Utu wenyewe uko wapi?"

Nilikwama. Swali hilohilo lilimshughulisha William wa Ockham, mtawa wa Kifransisko wa karne ya 14. Kijiji chake kiko Surrey, jirani zetu hapa London. Yeye alishikilia kuwa waliopo ni mtu huyu na mtu yule. Kinachowaunganisha ni jina tu, na wazo akilini mwetu. Nikamweleza hivyo, nikajiona nimejibu.

"Na Uswahili je?" akasema. "Bibi huniambia mimi sina."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia asome sentensi inayofuata. Akaisoma bila kosa.