Fuko wa mlimani, fuko wa bondeni

Simu ya dada yangu ilinipata Nairobi Jumatano moja jioni, mwezi wa Desemba, na kwa jinsi alivyonyamaza kabla ya kusema nilijua mambo si mazuri. "Ndugu yangu," akasema hatimaye, "kaburi la shemeji yako limeinama."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akarudia, na safari hii akaongeza neno moja ambalo lilinifanya nisijue kama nicheke au nisikitike: fuko.

Dada ni mwalimu aliyestaafu, na boma lake liko kwenye vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Mumewe alizikwa hapo nyumbani, pembeni mwa uwanja wa nyasi ambao marehemu aliupanda kwa mkono wake, shina baada ya shina, mwaka walipomaliza kujenga. Siku kumi baadaye wageni walitarajiwa kuleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wasipochinjwa hakuna ndoa, hata bwana arusi awe amemwaga mamilioni ya pesa. Sasa hebu fikiria, msomaji: wazee wa watu wafike, wakaribishwe uwanjani, na cha kwanza kuonekana kiwe kaburi la baba wa bibi arusi limelala upande kama kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Nilifunga safari Ijumaa. Ukitoka Machakos mjini unapita Masii, kisha Tawa, na baada ya hapo barabara inapanda kwa kona nyingi hadi masikio yanaziba. Ukifika Kikima, baridi inakukumbusha sweta uliloliacha nyumbani. Wasiofika Ukambani hudhani kote ni vumbi na miiba. Mbooni kuna migomba, mikahawa, miparachichi na msitu juu kabisa, na miteremko yote imekatwa matuta kutoka kileleni hadi mtoni. Matuta hayo huitwa "fanya juu", na wataalamu wa udongo wa nchi za nje wamelichukua jina hilo la Kiswahili jinsi lilivyo na kuliandika vitabuni mwao. Fuko naye huyapenda matuta hayo. Tundu lake moja likipitisha maji ya mvua ya Novemba, tuta hukatika, na udongo uliokusanywa kwa miaka mingi hushuka bondeni kwa usiku mmoja.

Lakini aliyenileta hakuwa fuko wa shambani. Nilisimama mlangoni pa dada nikahesabu vifusi 23 vya udongo mwekundu juu ya nyasi, vingine vikiwa vibichi bado. Mstari mmoja ulienda moja kwa moja hadi chini ya kaburi.

Niseme hapa kwamba bibi zetu hawakuwa na matatizo ya namna hii. Uwanja wa Kikamba wa zamani ulikuwa udongo mtupu uliofagiliwa kila asubuhi, ili nyoka asipate pa kujificha. Nyasi za mapambo zililetwa na wamisheni, zikapokelewa na walimu na makarani, na leo hata mimi nikijenga nitazipanda. Ila tulipozipanda, tulimtandikia fuko meza.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kujaribu dawa. Kijana huyu husoma mengi, na katika kusoma alikuta ushauri wa kigeni kwamba fuko huingia uwanjani kufuata nyungunyungu na mabuu ya wadudu. Ukiwaua wadudu, fuko atahama kwa njaa. Akanunua dawa ya wadudu, akanyunyizia uwanja mzima. "Mjomba," aliniambia akitazama viatu vyake, "kwa siku tatu kuku saba walikufa. Na vifusi viliongezeka viwili."

Ushauri ule haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa mnyama mwingine. Fuko wa Ulaya kweli hula nyungunyungu na wadudu, na hachimbi kwa ajili ya mizizi hata kidogo. Huyu wa milima yetu ni wa jamaa ya panya. Uzito wake ni kama robo kilo, manyoya yake ni laini, macho yake kama punje za mtama, na meno yake manne ya mbele hutokeza nje ya midomo ili achimbe bila kula udongo. Chakula chake ni mizizi, viazi, mihogo na nyasi zenyewe. Uue wadudu wote wa Mbooni, hatajua kama kuna lililotokea. Kuku ndio watakaojua.

Jumamosi asubuhi dada alimwita mzee mmoja mtega fuko. Alikuja na gunia dogo begani na panga, akaniamkua "Wakya", nami nikaitika "Aa" kama nilivyofunzwa nikiwa mtoto. Bei yake ni kwa kichwa: hakuna fuko, hakuna pesa.

Hakushughulika na vifusi 23. Alitafuta kimoja tu, kilichokuwa kibichi kuliko vyote, akachokoachokoa ardhi kukizunguka kwa ufito mwembamba hadi ufito ukazama ghafla. Hapo ndipo penye njia. Akaikata wazi, akaisafisha kwa vidole, kisha akasugua mikono yake kwa udongo ili kuondoa harufu ya sabuni. Akabandika kitanzi cha waya kwenye kuta za tundu, akakifunga kwenye fimbo mbichi aliyoisimika juu na kuipinda kama upinde. Fimbo ilishikwa chini na uzi uliokatiza katikati ya njia. Akarudishia udongo juu, lakini akaacha upenyo mdogo wa mwanga.

"Fuko hapendi upepo nyumbani kwake," alinieleza. "Akiusikia, anakuja kuziba. Akija kuziba, anaukuta uzi. Anaukata kwa meno, kwa sababu hajui kupita bila kukata. Fimbo inaruka."

Nikamwuliza habari ya utupa, mmea ambao watu hupanda kuzunguka shamba wakisema harufu yake humfukuza fuko. Alifikiri kidogo. "Utupa ni mmea mzuri," akasema. "Lakini nimewahi kuona kifusi katikati ya mashina mawili ya utupa."

Kesho yake, yapata saa nne, fimbo ilikuwa imesimama wima. Mzee alivuta, na chini akaning'inia fuko mmoja wa kahawia. Sikuamini. "Huyu ndiye aliyefanya yote haya?"

"Peke yake."

Na ndivyo ilivyo. Fuko wa milimani huishi mmoja mmoja, kila mtu na nyumba yake: chumba cha kulala, akiba ya chakula na choo. Hawavumiliani isipokuwa wakati wa kupandana, au mama na watoto wake wachanga. Kwa hiyo ukimnasa mmoja umemaliza nyumba nzima, mpaka jirani agundue kuwa kuna nyumba tupu.

Mafundi wawili waliinua bamba la saruji, wakajaza mapango yaliyokuwa chini yake kwa mawe na murramu, wakaligonga likalala sawa. Dada alisimama pale muda wote, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. Walipomaliza aliweka kipima-maji cha fundi juu ya kaburi yeye mwenyewe, akakitazama, kisha akaingia ndani kupika. Ntheo ilipita salama na sitaieleza zaidi, ila muthokoi ulikuwa mzuri na mbuzi walitosha.

Hadithi ingeishia hapo kama wifi yake dada hangekuja kwenye sherehe hiyo kutoka Ikutha, Kaunti ya Kitui. Alisikia watu wakimsifu mzee wa mitego, akamwendea. "Baba, uje unimalizie na wangu. Mimi sina uwanja wa nyasi. Wangu wanakula mihogo." Shamba lake la mihogo, kama ekari moja, ndilo alilotegemea kula hadi mavuno ya mahindi, na ndilo lililokuwa lilipe karo ya mjukuu shule zikifunguliwa Januari.

Mzee hakuwa amewahi kuvuka Kibwezi. Alikubali kabla sijamaliza kumwambia kuwa gari lina nafasi.

Tuliteremka hadi Wote, mji ambao ndio makao makuu ya Makueni tangu eneo hilo lilipotengwa na Machakos mwaka 1992. Kila kilomita joto lilizidi. Makindu tuliingia katika hekalu la Makalasinga, ambako msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa dini wala pesa, na mzee akala dengu na chapati kwa heshima kubwa. Kibwezi tuliiacha barabara ya Mombasa, tukapita kati ya mibuyu, tukavuka mto Athi, tukapanda Yatta. Huo ni ubao mrefu wa mawe ya volkano, karibu kilomita 300 kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiwa juu yake unaona Kitui ya kusini imelala mbele yako, kijani ya Desemba ambayo haidumu.

Tulifika Ikutha jioni, na hapo ndipo mzee aliposhika kichwa. Shambani mwa wifi vifusi vilikuwa vidogo, vyenye shimo katikati, mithili ya milima ya volkano ya kuchezea watoto. Na vilikuwa vikifanya kazi! Udongo uliruka kutoka shimoni kwa vishindo vidogo, ukatua pembeni, ukaruka tena. Hakuna aliyeonekana. Mzee alitega mitego mitano kabla ya giza.

Asubuhi fimbo zote tano zilikuwa bado zimepinda. Nyuzi hazikuguswa. Mashimo yalikuwa yamezibwa vizuri kabisa, na vitanzi vimezikwa humo humo.

"Wamepita ndani ya kitanzi," mzee akasema polepole. "Ni wadogo."

Akaomba jembe. Alifungua njia moja, akakaa kimya kama robo saa, jembe juu. Udongo ulipoanza kusogea alilishusha nyuma ya aliyekuja kuziba, akamfungia njia ya kurudi, akamtoa kwa mkono. Kilikuwa kitu cha urefu wa kidole, rangi ya waridi, kimekunjamana, bila manyoya ila nywele chache, na meno marefu mbele. Mzee alikishika mbali na mwili wake. Watoto walicheka, wao wanawajua tangu zamani. Hadi saa tano alikuwa amewatoa 11, wote kwenye shimo lile lile.

Mnyama huyu, msomaji, ni maarufu kuliko wabunge wetu wote. Anapatikana Kenya, Ethiopia na Somalia, na Mjerumani Rüppell alimwandika vitabuni mwaka 1842. Lakini mwaka 1981 ndipo mtaalamu Jennifer Jarvis, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alipoeleza jambo lililowashangaza wengi: fuko hawa huishi kama nyuki. Nyumba moja huwa na wastani wa 70 hadi 80, na wamewahi kuhesabiwa karibu 300. Malkia mmoja tu ndiye anayezaa. Wengine huchimba kwa foleni, wakipokezana udongo hadi kwa yule wa mwisho anayeurusha nje kwa miguu ya nyuma. Baadhi ya waliochunguzwa walichimbuliwa Mtito Andei, si mbali na pale tulipokuwa. Wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kansa huwapata kwa nadra sana, na mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kuwa walistahimili dakika 18 bila oksijeni. Sasa utamfukiza moshi wa pilipili mnyama wa namna hiyo?

Nilimsimulia wifi haya yote. Alisikiliza hadi mwisho. "Na hao wazungu," akauliza, "wao mihogo yao ililiwa na nani?"

Tuling'oa shina moja. Muhogo ulionekana mzima, lakini ulipokatwa ulikuwa ganda; ndani umechimbwa na kujazwa udongo. Porini ndivyo wanavyokula viazi vikubwa vya mwitu, ambavyo vingine hufika kilo 50: hula ndani, huziba, hukiacha kiendelee kukua. Muhogo wa wifi haukuwa na ukubwa wa kuvumilia ujanja huo. Tulipong'oa mashina kumi, manne yalikuwa hivyo.

Kijana mmoja wa jirani alitaja vidonge vya sumu vya kutoa gesi. Wifi alikataa kabla sijafungua mdomo. Mashimo yale yanapita hadi chini ya jiko ambamo wajukuu wake hulala. Jioni aliamua. Angeng'oa nusu ya shamba wiki hiyo, amenye, akatekate na kuanika makopa, ingawa sokoni bei ya Desemba ni duni, na pungufu ya karo angeuza mbuzi wawili. Muhogo Ikutha huachwa ardhini kwa sababu ardhi ndiyo ghala. Yeye ghala lake lilikuwa na wapangaji.

Alipotaka kumlipa mzee, mzee alikataa. "Mimi hulipwa kwa kichwa, mama. Kwa hesabu ya hapa ungeuza shamba." Alikubali kikapu cha mihogo mizima tu.

Njiani hakusema mengi. Tulipovuka Athi aliniuliza tena ni wangapi katika nyumba moja. Nikamwambia. Akanyamaza hadi Wote.

Tulipokaribia Kikima simu ililia. Ilikuwa dada: kifusi kipya, karibu na ua wa mbele, mbali na kaburi. Nikamgeukia mzee nikamwambia.

"Kingapi?"

"Kimoja."

"Basi yuko mmoja," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Ikutha akatabasamu, akaanza kutoa waya ndani ya gunia.