Barua kutoka London: Maneno Yana Wenyewe



 Baridi ya huku London haijatuachia. Mwisho huu wa Januari jua linachomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi, na ikigonga saa kumi na moja jioni giza limeanza kutanda. Desemba ilikuwa kali zaidi: saa kumi alasiri, wakati ambao kwetu Tanga mtu bado anaanika nguo, hapa taa za barabarani zimewaka na watu wanakimbilia makwao.

Januari ina shughuli yake kwa sisi tuliojiajiri. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata, na hesabu zake sharti ziwe zimefika mamlaka ya kodi kwa njia ya mtandao kufikia tarehe 31 Januari. Ukichelewa siku moja tu, unapigwa faini ya pauni 100 hata kama hudaiwi kitu. Basi nimekaa jikoni na makaratasi yangu: ankara, stakabadhi, mikataba, barua za benki. Wakati nayapanga, mwaka mzima umepita mbele ya macho yangu. Na kwa kuwa wadogo zangu wanaoandika, walioko Tanga, Mombasa na Bujumbura, wamekuwa wakiniuliza kazi ya kalamu huku inakwendaje na imenifunza nini, barua ya mwezi huu nimeielekeza kwao. Wengine msome pia.

Kinacholipa pango la nyumba ni ukalimani wa simu. Hadithi na safu hii peke yake haviwezi. Simu inaita, natajiwa namba ya kazi, kisha naunganishwa na daktari, au mkunga, au karani wa halmashauri, na upande wa pili yuko mtu anayesema Kiswahili na asiyejua Kiingereza cha kumtosha. Nalipwa kwa dakika. Kazi hii ina miiko yake, na mkubwa kuliko yote ni huu: mkalimani husema "mimi" huku si yeye. Mgonjwa akisema naumwa, nami nasema naumwa. Sisemi "anasema anaumwa". Daktari akiuliza kwa ukali, ukali nao naupeleka. Mtu akitukana, tusi linafika kama lilivyotoka. Siruhusiwi kuongeza, kupunguza wala kushauri, hata pale ambapo jibu ninalo mdomoni. Pembeni yangu pana daftari dogo ninaloandikia vipimo vya dawa, tarehe na majina. Simu ikikatika nachana ukurasa, nauchana tena hadi herufi hazisomeki, ndipo nautupa.

Ukurasa huo unaochanwa ndio ulionifunza jambo kubwa la mwaka. Katika juma moja hupita masikioni mwangu habari ambazo mtunzi wa riwaya angezitafuta kwa miaka: safari, misiba, ndoa, watoto waliopotezana na wazazi wao na wakaonana tena. Mwandishi ndani yangu huamka kila mara. Nimekata shauri kwamba hakuna hata moja itakayoingia katika maandishi yangu, hata kwa kubadilisha majina na miji. Sababu mojawapo inajulikana: nimekula kiapo cha siri. Iliyo nzito zaidi kwangu ni kwamba yule mtu hakunichagua nimsikilize. Alikuwa anatafuta dawa, au nyumba, au shule ya mwanawe, na mimi nikawa njia ya kupitia. Kuyachukua maneno yake nikayapeleka sokoni ni kuchukua mali ya mtu aliyekuwa hana budi kuiweka mikononi mwangu. Na kubadilisha jina hakusitiri kitu. Waswahili wa mji huu tu wachache, tunajuana hata kwa sauti na kikohozi.

Habari sizichukui, lakini sikio limebaki langu, na limenolewa. Watu wa kwetu wakiulizwa na daktari maumivu yako wapi, wengi hawaanzi na maumivu. Wanaanza na siku: ilikuwa baada ya Ramadhani, tulikuwa tumetoka msibani, nilikuwa nimebeba ndoo. Daktari ana dakika zake chache na anataka neno moja. Mimi sina ruhusa ya kufupisha, kwa hiyo naubeba mpangilio wote kama ulivyo, na mara nyingi ugonjwa wenyewe unakuja kuonekana mle mle ndani ya siku ile na ndoo ile. Uandishi wangu umebadilika kwa ajili hiyo. Zamani mhusika akianza kuzunguka nilikuwa namkatiza ili hadithi iende mbio. Sasa namwacha azunguke, maana mara nyingi jambo lenyewe limo katika ule mzunguko.

Kiswahili nacho nimekisikia kwa upana ambao Tanga usingenionyesha. Kwetu tumelelewa tukiamini kwamba lugha ni yetu na Wazanzibari, na wengine wameazima. Huku, asubuhi moja naweza kuongea na mtu wa Bukavu, mchana na mtu wa Lubumbashi ambaye Kifaransa kimeingia hadi kwenye viungo vya sentensi yake, jioni na mzee wa Kibarawa ambaye nyumbani kwake husemwa Chimwini. Barawa iko pwani ya Somalia, na wenyeji wake wengi walikimbilia hapa London tangu vita vya miaka ya 1990. Kila mmoja analia, anaomba, anagombeza watoto na kumsifu Mungu kwa Kiswahili chake kikamilifu, wala hajisikii mgeni ndani yake. Wahariri na majaji wa tuzo zetu wanaosoma muswada wa Mkongo kwa kalamu nyekundu, wakitafuta makosa ya usanifu, wanatunyima fasihi. Nasema hivi kwa moyo mzito, kwa sababu ninaisikia kila siku kwenye simu, na nikiingia duka la vitabu siikuti.

Kuna kazi nyingine inayokua kwa kasi, na kijana yeyote anayetaka kuishi kwa kutafsiri aijue. Wakala anakuletea maandishi yaliyokwisha kutafsiriwa na mashine, anakuomba uyapitie tu, kwa malipo ya chini. Mara nyingi upatanisho wa kisarufi umo, lakini sentensi zimesimama Kizungu. Kuzinyoosha huchukua muda mrefu kuliko kuandika upya. Siku hizi naomba kwanza nione ukurasa mmoja, kisha natoza kwa saa. Wakala asiyekubali namtakia heri, naenda zangu.

Sasa nije kwenye mkataba, ambako ndiko nataka wadogo zangu watulie nami kidogo.

Mwaka jana mchapishaji mmoja wa nyumbani aliupenda mkusanyo wangu wa hadithi fupi. Furaha yangu ilikuwa kubwa, na bado ipo, maana mwandishi wa ughaibuni hana heshima inayopita ile ya kusomwa na watu wake. Mkataba ukaja kwa barua pepe. Mrabaha ulikuwa asilimia kumi ya bei ya kitabu, kiwango cha kawaida. Chini yake, katika kifungu kilichoandikwa kwa haraka kama jambo la kupita, mwandishi anakabidhi haki zote, kwa lugha zote, duniani kote, kwa miundo yote iliyopo na itakayobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki.

Muda wote wa hakimiliki ni mrefu mno. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hapa Uingereza ni miaka 70. Kwa saini moja, hadithi zile zingekaa kwa mchapishaji hadi wajukuu wangu waote mvi. Na kitabu huwa na maisha ambayo mwenyewe hakuyaona siku ya kuandikishana. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Abdulrazak Gurnah alichapisha Paradise mwaka 1994, na ni mwaka 2022, baada ya yeye kupewa Tuzo ya Nobel, ndipo wachapishaji Mkuki na Nyota walipotutolea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka zaidi ya 20 kwa mmoja, karibu 30 kwa mwingine. Anayeuza filamu na tafsiri siku ya kwanza, kwa sababu hakuna anayeziulizia siku hiyo, anauza kitu kisichojulikana bei.

Hapa kuna chama cha waandishi, Society of Authors, kilichoanzishwa mwaka 1884. Mwanachama akipata mkataba huupeleka, nao huusoma kifungu kwa kifungu na kumrudishia maoni, na gharama yake imo ndani ya ada ya uanachama. Niliupeleka wangu. Ulirudi umejaa maelezo pembezoni. Nikamwandikia mchapishaji kwa adabu, nikimshukuru, nikiomba mambo manne: haki za kitabu cha karatasi ziwe zake kwa miaka kadhaa ya kujulikana, tafsiri na filamu zibaki kwangu, kitabu cha kusikiliza tugawane, na kikiisha madukani wasikichape tena ndani ya muda fulani, haki zinirudie. Alikaa kimya kwa muda mrefu, nami usiku nikawa nasikia sauti ikiniambia nimekipoteza kitabu kwa ubishi. Kisha akajibu. Tafsiri na filamu alikubali. Miaka tukavutana, tukakutana njiani. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia tu kwamba waandishi wengi hawaulizi. Ninaamini hapo ndipo wengi wetu tunapoumia: tunaona aibu kumuuliza mtu anayetupenda, tukidhani swali ni utovu wa shukrani.

Upande wa nyumbani, mwaka uliopita nilianza kumsomea mama kila ninachoandika kinachomhusu kabla hakijaenda kwa mhariri. Majira haya tumepishana saa tatu, kwa hiyo nampigia alasiri ya huku, kwake ameshaswali Magharibi, amekaa barazani na kikombe chake. Nasoma polepole. Husikiliza bila kunikatiza, kisha huanza: hiyo toa. Ile habari ya jirani, toa, wanawe wanasoma. Hapo umenifanya mpole, mimi sikuwa mpole, weka nilivyosema. Kuna ukurasa mzima kuhusu ujana wake nilioupenda kuliko yote niliyoandika mwaka huo, naye akaukataa. Ukurasa huo umo ndani ya mtoto wa meza, hautatoka. Kwa upande mwingine ameniamuru niandike jina la mwalimu aliyemfundisha kusoma, ambalo mimi sikuwa nimelipa uzito, na nitaliandika kwenye kitabu, mahali pake. Kumbe alikuwa akilisubiria nafasi miaka yote hii. Hili nililolisimulia hapa amelisikia na ameridhia.

Nikipata siku bila simu huenda maktaba ya chuo cha SOAS, pale Russell Square, ambako kumehifadhiwa miswada mingi ya Kiswahili, mingi kwa hati za Kiarabu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hakuacha kitabu. Mashairi yake yangekuwa yamekwenda na upepo kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwishoni mwa karne ya 19, hangeyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika na kuyaeleza, akifanya kazi na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Makaratasi hayo yakaishia hapa London. Mwaka 1940 W. Hichens aliyatolea diwani, ikachapwa Johannesburg. Mara nyingi Mwalimu Sikujua hutajwa kama msaidizi wa Taylor. Mimi naona kinyume chake. Yeye ndiye aliyejua nani aulizwe, ubeti upi umekosewa, na neno gani la Mvita lilikuwa fumbo kwa nani. Kila ninapokaa mbele ya miswada ile, swali linalonikaa kooni ni la leo: nani nyumbani anaandika sasa hivi, na majina ya wanaosimulia yanabaki wapi?

Kwa hiyo wadogo zangu, nawaomba mambo mawili. Mwenye mkataba kabatini autoe juma hili, atafute kifungu cha haki, akisome kwa sauti mbele ya mtu mwingine, na asipokielewa amuulize mwanasheria au mwandishi aliyemtangulia. Na anayemrekodi bibi au babu yake kwa simu amwombe ruhusa kwanza, kisha aandike jina lake kamili, kijiji chake na tarehe kwenye faili lenyewe, asitegemee kumbukumbu. Wenye maswali ya mikataba niandikieni kupitia kwa mhariri. Nitayajibu katika barua ya mwezi ujao, bila kutaja jina la yeyote asiyetaka kutajwa.

Dada yenu,
London