Alhamisi ya Majina

Alhamisi ni siku mbaya kwa mchezaji wa raga. Ndiyo siku ya majina. Katika klabu yetu ndogo hapa Nairobi, kocha alikuwa akibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kuvalia baada ya mazoezi, kisha anaondoka mbio asije akaulizwa maswali. Sisi tunasongamana pale tukinuka jasho na nyasi, kila mtu akitafuta jina lake. Anayeliona hucheka. Asiyeliona huinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nilikumbushwa hayo na Alhamisi nyingine, tarehe 26 Oktoba 2023. Tulikuwa kwa kinyozi wetu karibu na Ngong Road, watu watano, na katika hao watano ni mmoja tu aliyekuja kunyolewa. Simu ikalia. Majina ya Afrika Kusini yametoka! Jumamosi walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Dunia na New Zealand, mjini Paris.

Labda msomaji utauliza, ya Afrika Kusini yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ya umaskini. Timu yetu ya wachezaji 15 haijawahi kufika Kombe la Dunia. Julai 2022 tulikutana na Namibia huko Ufaransa, tukapigwa 36-0. Novemba tukajaribu mlango wa nyuma, Dubai, na Ureno wakatutandika 85-0. Basi sisi tunaazima timu. Na mtu aliyeazima hubishana kuliko mwenye mali.

Lazima niseme pia kwamba sisi tunaitana kwa namba tulizovaa zamani tukicheza. Kwa hiyo aliyeanza kelele alikuwa Namba Tisa, mfupi, mdomo mrefu.

"Saba kwa moja! Hawa watu wamelewa?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Timu huwa na watu wanane benchi, na makocha wengi huweka mafowadi watano, wale wazito wa mbele, na watatu wepesi wa nyuma. Jacques Nienaber na Rassie Erasmus walikuwa wameweka wazito saba na mwepesi mmoja, Willie le Roux. Namba tisa wa akiba hakuwapo kabisa.

"Faf de Klerk akivunjika dakika ya kumi, nani atautoa mpira kwenye skramu? Padri?"

"Kolbe," akasema Namba Nane.

"Kolbe ni winga, bana!"

"Ni winga mwenye mikono. Wewe umesahau Twickenham? Agosti hii hii, saba kwa moja, hao hao All Blacks wakala 35-7."

"Na Septemba, saba kwa moja, nani alishinda? Si ni Ireland, 13-8?"

Hivyo ndivyo tulivyo. Kila mtu ana mechi yake mfukoni, akiminywa anaitoa.

Kinyozi, ambaye hajawahi kushika mpira wa raga maishani mwake, alizima mashine. Yeye alikuwa na shida moja tu, habari ya Manie Libbok. Kijana huyo ndiye aliyeanza kama namba kumi katika robo fainali Ufaransa walipofungwa 29-28. Akaanza tena nusu fainali na Uingereza, akatolewa dakika ya 31, akaingia Handré Pollard, na Pollard ndiye aliyepiga penalti ya kuokoa roho za watu, 16-15. Sasa Pollard anaanza fainali, na Libbok hayupo hata benchi.

"Yaani aliyepika hapewi hata ukoko?" kinyozi akauliza.

"Mzee, huu si wali," Namba Nane akamjibu. "Hii ni fainali."

"Hata fainali huliwa na waliopika."

Mpaka hapo mimi nilikuwa kimya. Niliposimama, nilisimama kwa hasira ambayo mwenyewe sikuielewa.

"Nyinyi mnabishania mambo madogo. Timu nzima ina namba mbili mmoja tu halisi! Malcolm Marx aliumia goti Septemba, na badala ya kuita namba mbili mwingine wakamwita Pollard. Sasa Mbonambi akitoka, nani anarusha mpira? Deon Fourie? Mtu wa miaka 37, tena namba saba! Kurusha mpira si kazi ya kuazimisha mtu."

Kwa asiyejua, mpira ukitoka nje, namba mbili ndiye huurudisha uwanjani, akiurusha juu katikati ya safu mbili za watu wanaonyanyuana. Ukipinda, unaweza kuwa wa adui. Ni kazi ya upweke. Wote wamesimama wanakungoja wewe.

Aliyekuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, alinitazama kupitia kioo. Huyo tunamwita Namba Saba.

"Lakini Fourie alianza kama namba mbili kule Cape Town, kabla hajaenda Ufaransa," akasema polepole.

"Alianza! Hata mimi nilianza nikiwa mtoto wa chekechea!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ni sisi wawili tu tuliojua kwamba sikuwa namzungumzia Fourie.

Mwaka 2016 mimi ndiye niliyekuwa namba mbili wa klabu yetu. Msimu mzima nilirusha mipira yote. Kisha ikaja mechi ya mwisho, ile ya kuamua kama tutapanda daraja, na Alhamisi hiyo nikaenda mlangoni kama kawaida. Palipokuwa jina langu palikuwa na jina lake. Kocha alisema, siku chache baadaye nilipomshika, kwamba alitaka mtu mwenye mbio, anayeweza kuziba nafasi mbili. Mimi naweza moja tu.

Jumamosi ile nilienda uwanjani na nguo za nyumbani, nikasimama pembeni mwa chaki. Mrusho wake wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapita juu ya vichwa vya watu wote. Tulipoteza mirusho mingi na tukapoteza mechi. Na mimi, msomaji, nilifurahi. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu, lakini ndio ukweli. Klabu yangu, marafiki zangu, jasho la msimu mzima, na mimi nilisimama pale nikiomba mpira upinde tena.

Basi ikafika Jumamosi ya Paris, saa nne usiku kwetu. Baa ilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Nilijikuta nimebanwa kando ya Namba Saba.

Hazikupita dakika tano. Shannon Frizell akamwangukia Mbonambi mguuni. Frizell akapewa kadi ya njano, na Mbonambi akatoka akichechemea, asirudi tena. Akaingia Fourie. Baa nzima ikanigeukia.

"Nabii!" Namba Tisa akapiga kelele. "Nabii wa Ngong Road!"

Nilitaka kucheka. Lakini mpira ukatoka nje, Fourie akaufuta kwa jezi, na nikaona mikono ya Namba Saba. Alikuwa ameinyanyua kidogo kutoka magotini, vidole vimetanuka, kama mtu aliyeshika kitu. Fourie aliporusha, mikono ile ilisukuma pamoja naye. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Alifanya hivyo usiku kucha.

Mengine mnayajua. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alipewa kadi nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Pollard alipiga penalti nne kabla ya mapumziko, pointi 12, na Afrika Kusini haikupata nyingine. Mirusho mingine ya Fourie ilipotea kweli, kama nilivyosema kwa kinyozi, na kila ulipopotea mmoja nilihisi tumbo linanikata. Beauden Barrett akafunga trai, ikawa 12-11. Kolbe akatolewa kwa kadi ya njano, akakaa amejifunika uso kwa jezi. Jordie Barrett akapiga penalti ya mbali, ikapita kando ya mlingoti. Filimbi ikalia. Pointi moja! Fourie alikuwa bado uwanjani.

Saa sita ilikuwa imepita tulipotoka kungoja matatu. Namba Saba aliniuliza bila kunitazama.

"Ule mrusho wa kwanza uliopotea, uliuona?"

"Niliuona."

"Wangu ulikuwa mbaya zaidi."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Najua ulikuwa pale. Nilikuona ukicheka."

Miaka saba alijua. Tumekula pamoja, tumezikana wazazi, na alijua.

"Nilimwambia kocha anirudishe kwenye nafasi yangu," akaendelea. "Ijumaa yote nilirushia ukuta wa nyumba yetu mpaka mathee akanifukuza. Kocha akasema jina likishabandikwa halibanduliwi. Ningekuja kwako unifundishe, lakini ningekuja na uso gani?"

Nilimwambia pole. Ilikuwa pole ndogo sana kwa kitu chenyewe, lakini sikuwa na nyingine. Matatu ikaja, makanga akipiga kelele za Springboks kama sisi. Namba Saba akapanda kwanza, akajisogeza dirishani.

"Njoo, msee. Bado kuna nafasi."

Jumatatu tulirudi kwa kinyozi, na ubishi ukaanza upya kana kwamba hakuna aliyeshinda. Namba Tisa alisema saba kwa moja bado ni wazimu, wazimu uliobahatika. Namba Nane alisema kombe halina safu ya bahati. Waliponiuliza mimi, nilisema mirusho ilipotea, na nilisema pia kwamba sijui kama mimi ningerusha vizuri zaidi katika fainali. Kinyozi alizima mashine, akatutazama mmoja mmoja.

"Sawa," akasema. "Na Libbok je?"

Hakuna aliyemjibu.