Daktari Aliporudi Nyumbani

Siku hizi Korona hutajwa kama habari ya kale, na madaktari walioitwa mashujaa wamerudi kuwa watu wa kulalamikiwa foleni ikirefuka. Sisi tulio na daktari nyumbani tungali tunaishi na miezi ile.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, misikiti ilikuwa imefungwa na amri ya kutotoka nje usiku imewekwa. Binti yetu, ambaye mumewe ni baharia na wakati huo alikuwa mbali, alihamia chumba cha uani. Akirudi zamu alioga kabla ya kumsalimia mtu, na nguo zake alizifua mwenyewe. Mwanawe wa miaka mitatu alipomkimbilia, alirudi nyuma kama aliyeona moto. Mtoto akalia, yeye hakulia, na kule kutolia ndiko kulikotutia wasiwasi.

Ramadhani ikatukuta hivyo. Sahani yake ya futari tuliiweka mlangoni, na mara nyingi tuliiondoa na viazi vyake vya nazi kama tulivyoipeleka. Aliosha mikono hata ngozi ikapasuka. Alikuwa mkali kwa mambo madogo, kisha akanyamaza siku nzima. Usiku tulimkuta amesimama kwenye mlango wa baba yake, barakoa usoni, akihesabu pumzi za mzee aliyelala. Kifo chake mwenyewe hakukitaja hata siku moja. Alichoogopa ni kuwa yeye ndiye atakayekileta nyumbani.

Mwezi wa Julai alifariki Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa akina mama jijini Nairobi. Desemba akafuata Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona Machakos, na ikasemekana alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Hapo hofu ya binti yetu iligeuka hasira. Madaktari walipogoma mwezi huohuo, wako majirani waliosema hawana huruma. Tuliona ajabu: mtu aulizwe huruma na yule asiyemuuliza kama amekula!

Lililomwelemea zaidi alilisema baada ya mwaka mzima. Jamaa hawakuruhusiwa kuingia wadini, basi usiku mmoja alimshikia bibi mmoja simu sikioni ili awasikie wanawe. Simu ikakatika. Akamlakinia shahada yeye mwenyewe, ndani ya barakoa mbili, bila kujua kama bibi yule alimsikia. Waliopona ni wengi, na hawakumbuki. Sauti yake mwenyewe chini ya barakoa zile ndiyo anayoisikia.

Wala si yeye peke yake. Huko China, wahudumu wa afya 1,257 walihojiwa mwanzoni mwa mwaka 2020; nusu yao walikuwa na dalili za sonona, na theluthi usingizi uliwapaa. Wanawake na wauguzi waliumia zaidi.

Wageni waliokuja kwetu walimwambia, "Subiri, daktari, una ujira mkubwa." Ujira upo, inshallah. Lakini subira hiyo ilikuwa ikitumiwa kumfunga mdomo, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu. Aliyemfaa ni khalati yake, ambaye hakumwambia lolote. Alitandika mkeka uani, akaweka ungo wa mchele kati yao, wakachagua mawe. Siku ya tatu ya mchele ndiyo habari ya yule bibi ilipotoka.

Sasa huenda kwa mshauri wa nafsi kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Jirani mmoja alimwona akiingia, akaja kutuuliza kwa sauti ya chini kama binti yetu ni mgonjwa. Tukamjibu kuwa ndiyo, alikuwa mgonjwa, na anatibiwa, tukamkaribisha chai.