Jioni ya Vita ya Ghuba Kijijini Kwetu

Mwaka 1991 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi kaskazini mwa Iramba, upande ambao leo ni Wilaya ya Mkalama. Wanyiramba, Wanyisanzu, Wataturu na Wambulu tulichota maji kisima kimoja. Jioni tulikusanyika kwa jirani yetu, mzee wa Kimbulu, kusikiliza Redio Tanzania.

Tarehe 17 Januari taarifa ya habari ilisema Baghdad imepigwa mabomu usiku wa kuamkia siku ile. Mzee akainamisha kichwa. "Wajukuu zangu," akasema, "wanaouawa kule ni ndugu zetu." Kisha akatusimulia safari ya wazee wake. Walitoka nchi ya mito miwili, Iraki ya leo, kule kwenye Uru wa Wakaldayo alikotoka Ibrahimu. Wakaishi Ma'angwatay chini ya kiongozi wao Haymu Tipe, vita vikawang'oa, wakapitia Guser-Tuwalay, wakapanda milima ya Mbulu hadi Irqwar Da'aw. Hakuna aliyecheka. Tulikaa naye kama tuko matangani.

Baadaye nilisoma kwamba wanaisimu huwaweka Wairaqw, ndio hao Wambulu, katika Wakushi wa Kusini, pamoja na Wagorowa, Waalagwa na Waburunge, na kwamba njia ya lugha zao inaelekea Ethiopia. Lakini Kikushi na Kisemiti ni matawi ya ukoo mmoja wa kale, na Kiaramu cha Wakaldayo kimo humo. Undugu alioulilia mzee upo kwa upande wa lugha, ila ni wa mbali zaidi kuliko alivyodhani.

Nasaba ya Wakaldayo ilitawala Babeli kuanzia mwaka 626 hadi 539 KK. Nebukadneza alikuwa mmoja wao. Leo Wakristo wa Iraki wanaojiita Wakaldayo, ambao Kanisa lao lilianza kuungana na Roma mwaka 1553, bado wanasali kwa Kiaramu. Mwaka 2014 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliwafukuza katika vijiji vya uwanda wa Ninawi. Wakaldayo wengi wako Marekani, hasa Detroit.

Mzee amekwisha kufariki. Nikisikia habari za Ninawi humkumbuka, kwa sababu alibeba nchi yake vilevile Wakaldayo wanavyobeba yao: kwa lugha, na kwa kuwatajia watoto kila mahali walipong'olewa. Shule zetu za Mkalama ziwaite wazee waliobaki, watoto waandike safari hizo kituo kwa kituo, wazee wakiwa bado wanaweza kuzitaja.